Zebra si neno letu, tuache kuringa nalo

Wapenzi wasomaji, katika kurasa hizi tumezoea kusoma juu ya mahari, matanga, ngoma na majina ya watoto. Mimi leo naleta neno moja tu, tena la Kiingereza: zebra. Najua wengine watakasirika. Heri wakasirike sasa kuliko watoto wetu waaibike kesho.

Mambo yalianza hivi. Shule nyingi za kwetu Katanga zinafanya siku ya utamaduni kila mwaka, na mwalimu mmoja anapewa dakika kumi aseme juu ya mchango wa Kongo katika ulimwengu. Katika shule ninamofundisha, mwalimu huyo nilikuwa mimi kwa miaka zaidi ya kumi, sababu nilisoma chuo cha ualimu, ISP, idara ya Kiingereza na Utamaduni wa Afrika, na wakubwa waliona kwamba mambo yote mawili nayaweza. Nilisimama mbele ya wazazi nikasema: "Waingereza wanajidai na lugha yao, lakini hata neno zebra walilitoa kwetu Kongo!" Watu walipiga makofi, wamama walipiga vigelegele, prefe alitikisa kichwa kwa furaha. Nilirudi kuketi, nikaletewa soda.

Mwaka mmoja, kesho yake, kijana wa darasa la tano, sehemu ya Latin-Philo, akanifuata mlangoni. "Mwalimu, samahani. Ile neno zebra, iko ya luga gani ya kwetu?" Nikajibu: "Ya Kikongo." Akasema: "Papa ni muntu wa Matadi, ku nyumba tunasemaka Kikongo. Nilimuuliza, anasema hajasikiaka ile neno hata siku moja. Ni Kikongo cha wapi?"

Nilimwambia akaketi. Mwalimu asiye na jibu anajua sana namna ya kumkalisha mtoto. Lakini usiku ule sikulala vizuri. Miaka kumi nilikuwa nafundisha kitu ambacho sikukiuliza hata mara moja, na mtoto wa miaka kumi na saba alikiuliza kwa siku moja.

Kamusi ilituambia nini

Sikulibuni jambo lile. Kamusi za Kiingereza za karne ya 20, nazo za majina makubwa, zilikuwa zinaandika kwa ufupi kwamba zebra ni neno la Kongo. Basi, hapo hapo zinanyamaza. Hazisemi ni la lugha gani, hazionyeshi lilikuwa na umbo gani katika mdomo wetu, wala hazisemi lilikuwa na maana gani kabla ya kuchukuliwa.

Sasa ndugu msomaji, jiulize: "la Kongo" ni lugha gani? Inchi yetu ina lugha zaidi ya 200. Muluba ana yake, Mubemba ana yake, Mushi, Munande, Mutetela, Mulese, kila mtu na yake. Mtu akikuambia kwamba neno fulani ni "la Ulaya", utamwuliza kama ni la Kifaransa, la Kijerumani ao la Kirusi. Asipojua, utamwambia arudi kusoma. Lakini Mzungu alipoandika "la Kongo" bila kutaja lugha, sisi wenyewe wenye lugha hizo tulipiga makofi.

Kosa lile lilipita njia gani? Wakati wa zamani kulikuwa Mreno mmoja, jina lake Duarte Lopes, aliyefika katika ufalme wa Kongo mwaka 1578. Mfalme Álvaro wa Kwanza alimtuma kama balozi kwa Papa wa Roma. Kule Roma, Lopes alimsimulia Mwitalia Filippo Pigafetta yote aliyoyaona na kuyasikia, na Pigafetta akayatoa katika kitabu juu ya ufalme wa Kongo, mwaka 1591. Mwaka 1597 kitabu hicho kilitoka London kwa Kiingereza, kikiwa kimetafsiriwa na Abraham Hartwell. Ndani yake kuna habari za mnyama mwenye milia, na jina lake limeandikwa zebra. Wasomi wa baadaye wakaunganisha mambo: mnyama ni wa Afrika, kitabu ni cha Kongo, basi neno ni la Kongo. Walisahau kwamba aliyekuwa anasimulia alikuwa Mreno, na Mreno akimwona mnyama anamwita kwa Kireno.

Neno lenyewe limetoka wapi

Tufuate nyayo zake kinyumenyume, kama mwindaji.

Waingereza walilipokea karibu na mwaka 1600. Walilitoa kwa Wareno, kwa njia ya vitabu kama hicho cha Pigafetta. Wafaransa nao walilichukua kutoka kule kule, wakasema zèbre. Mpaka hapa hakuna ugomvi.

Wareno walilitoa wapi? Katika Ureno na Uhispania ya kale kulikuwa mnyama wa mwituni, jamaa ya farasi na punda. Watu walimwinda kwa nyama na kwa ngozi. Wareno walimwita zevro ao zebro, na jike zevra ao zebra. Wahispania walisema cebra ao encebra. Jina hilo limo katika hati za miji ya kule za karne ya 12 na ya 13, mahali ambapo ushuru na bei za ngozi zinatajwa. Limo hata katika majina ya mahali: karibu na Lisbon kuna Vale de Zebro, yaani bonde la zebro. Wanazuoni bado wanabishana kama mnyama yule alikuwa punda ao farasi wa mwitu, maana aliwindwa sana mpaka akaisha. Lakini jina lake halina ubishi, limeandikwa.

Na wazee wa Wareno, ndio Warumi, walisemaje? Kwa Kilatini kulikuwa neno equiferus, nalo linapatikana katika maandishi ya Pliny, mwanazuoni wa karne ya 1. Ni maneno mawili yaliyofungwa pamoja: equus, yaani farasi, na ferus, yaani wa mwituni, asiyefugwa. Farasi wa mwituni, basi. Wanafunzi wa Latin-Philo wataona namna lilivyobadilika. Ile qu ya Kilatini ilikuwa sauti ya s mbele ya i, kama vile quinque, tano, lilivyokuwa cinco kwa Kireno. Ile f katikati ya vokali ililegea ikawa v, kama vile Stephanus alivyogeuka Estêvão. Ile e ya mbele ikaanguka, ile i ya katikati ikamezwa. Kutoka equiferus tunafika zevro, kisha zebro. Na si neno hili peke yake lililopita njia ile, maneno mengine mengi yaliipita.

Unaweza kupanda mlima zaidi. Equus ni ndugu wa hippos ya Kigiriki, ile tunayoiona ndani ya hippopotame, farasi wa mto. Ni ndugu pia wa ashva ya Kisanskriti, lugha ya kale ya India. Wote watatu ni watoto wa lugha moja ya mama, ya zamani sana, ambayo haikuachwa katika maandishi. Na ferus je? Ferus amezaa neno la Kifaransa fier, yaani mwenye kiburi. Nilipoliona hilo katika kamusi nilicheka peke yangu. Miaka kumi nilikuwa fier juu ya zebra, kumbe ule ufier wenyewe ndio uliokuwa umo ndani ya neno lile, na wote wawili ni watu wa Roma.

Tarehe hazina upendeleo

Kuna wenzetu watakaosema: labda Wareno walilisikia kwetu kwanza, kisha wakalipeleka kwao. Sawa, tuangalie miaka. Diogo Cão alifika kwenye mdomo wa mto wetu mwaka 1482. Hati za Wareno zenye jina la zebro ni za karne ya 12 na ya 13, yaani karibu miaka 200 ao zaidi mbele yake. Mtu hawezi kuazima neno kwa jirani ambaye hajakutana naye.

Kilichotokea ni rahisi. Wareno walimwona mnyama wetu mwenye milia, wakaona anafanana na yule wa mwituni wa kwao, wakampa jina lile lile. Kwao yule mwenye jina akaisha, na jina likabaki kwa yule wa Afrika peke yake. Watoto wa watoto wakasahau.

Usione ajabu. Na sisi tunafanya vile vile. Wazee wetu walipoona chombo kinaruka angani walikiita ndege, jina la kiumbe chenye manyoya. Wazia kwamba ndege wote wenye manyoya wanakufa, inabaki tu mashine. Baada ya miaka mia tatu atatokea msomi aandike: "Ndege ni neno kutoka inchi ya waliotengeneza mashine hii." Utamcheka, si hivyo? Lakini sisi tumefanya kosa lilo hilo kwa zebra.

Tena tazama Kiswahili chenyewe. Sisi tunasema punda milia, punda mwenye mistari. Warumi walipoletewa mnyama huyu kutoka Afrika, waliazima kwa Kigiriki wakasema hippotigris, farasi mwenye milia kama ya tigre. Cassius Dio, mwandishi wa karne ya 3, anamtaja kati ya wanyama waliouawa uwanjani Roma siku za kaisari Caracalla. Warumi, Wareno na Waswahili, wote wamefanya kazi moja: wamechukua jina la mnyama wanayemjua nyumbani, wakamvika yule mgeni.

Masikio yetu yangetosha

Hata bila hati, masikio yetu yangetuonya. Kikongo hakipendi konsonanti mbili kama br zikae pamoja. Wareno walipoleta jina Pedro, Wakongo walisema Petelo, wakaweka vokali katikati na wakageuza r kuwa l. Na sisi wa Kiswahili cha Kongo, Wabelgiji walipoleta franc, tulisema faranga. Kinywa cha Kibantu kinapenda silabi zinazofunguka. Sasa neno zebra, lenye br katikati, tungelizaa sisi namna gani? Neno lile linasema lenyewe kwamba ni mgeni.

Kisha kuna jambo la pili, la ndugu za neno. Neno la kweli la inchi lina jamaa nyumbani. Chukua Zaïre, jina ambalo inchi yetu ililibeba tangu 1971 mpaka 1997. Kila mtu anajua sasa kwamba ni neno la Kikongo, nzadi ao nzere, yaani mto mkubwa, lililotafunwa na mdomo wa Wareno. Tunajuaje kwamba ni letu kweli? Kwa sababu nzadi bado anaishi. Nenda Matadi leo, uliza nzadi ni nini, mtoto atakuonyesha mto kwa kidole. Uliza kwa Kikongo zebra ni mtoto wa nani, hakuna atakayekujibu. Hana mama, hana mjomba, hana shangazi. Mtu wa namna hiyo akija kwenye matanga akidai urithi, wazee wanamwuliza maswali.

Kwa nini ninasema kwa ukali

Wengine watasema: "Mwalimu, ni neno moja tu. Acha watu wafurahi." Hapana, sikubali, na nitasema sababu zangu.

Ya kwanza, sifa ile tulipewa kwa uvivu. Yule aliyeandika "la Kongo" hakutuheshimu. Hakuuliza mtu mmoja wa kwetu. Kwake, Afrika ilikuwa kapu kubwa la kutupia kila neno lisilojulikana baba yake. Kama angetuona kuwa watu wenye lugha zenye sheria, angetaja lugha, angetaja neno, angetaja maana. Sisi tumechukua dharau tukaivaa kama medali. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Hii hata hatukuiazima, walitutupia.

Ya pili, uongo mdogo unaua ukweli mkubwa. Mtoto wetu akienda kusoma mbali, akasimama mbele ya wenzake kusema zebra ni neno la Kikongo, mwenzake atafungua kamusi ya sasa na kumwonyesha equiferus. Siku hiyo, hata akisema jambo la kweli juu ya Kongo, hawatamsikiliza tena. Atarudi kimya, na kimya kile sisi walimu ndio tuliomfundisha.

Ya tatu ndiyo inayoniuma zaidi: tunaringa na neno lisilo letu, na yaliyo yetu tunayaacha yafe.

Maneno tuliyoyatoa kweli

Chukua chimpanzee, ile wazungu wa Kifaransa wanaita chimpanzé. Hilo limetoka kwetu bila shaka, katika lugha za jamii ya Kikongo za pwani ya Loango, kwa Wavili, wanaosema cimpenzi. Waingereza waliliandika mwaka 1738. Angalia mwanzo wake, ci, ni kile kiambishi chetu cha ngeli, ndugu wa ki ya Kiswahili. Neno limeingia London likiwa limevaa nguo zake za Kibantu, na mpaka leo halijazivua. Ni Waingereza wangapi wanajua kwamba kila wakisema chimpanzee wanatamka ngeli ya Kibantu? Na ni wanafunzi wetu wangapi wanajua?

Chukua goober. Katika majimbo ya kusini ya Marekani ndivyo watu wanavyoita karanga. Ni nguba ya Kikongo, ile ile inayosemwa mpaka leo Kinshasa na Matadi. Karanga yenyewe asili yake ni Amerika ya Kusini, Wareno waliivusha bahari kuja kwetu. Wakongo waliipa jina. Kisha watu wetu walitiwa minyororo, wakapandishwa katika merikebu, wakavushwa bahari ile ile kurudi upande wa Amerika. Hawakuruhusiwa kubeba kitu. Neno walilibeba. Hiyo si hadithi ya kupigia vigelegele, ni ya kusimama kimya kidogo. Lakini ni yetu, na ushahidi wake upo.

Chukua okapi. Mwaka 1901 neno hilo liliingia katika vitabu vya Ulaya kutoka msitu wa Ituri, kwa Wambuti na majirani zao kama Walese. Harry Johnston, mtawala Mwingereza wa Uganda, alilisikia kwao. Na hapa kuna fundisho lingine. Johnston alipotuma London vipande vya ngozi vyenye milia, mwanazuoni Sclater aliviangalia, akamwandika mnyama yule katika jamii ya farasi na zebra. Alihukumu kwa milia. Mafuvu yalipofika, ikaonekana ni jamaa wa twiga! Wambuti hawakuhitaji fuvu, wao walimjua mnyama mzima, na chakula chake na mahali anapolala. Sclater alidanganywa na milia ya ngozi, sisi tulidanganywa na milia ya neno. Tumeona mnyama wa Afrika, tukadhani na jina lazima liwe la Afrika.

Haya ndiyo ningepaswa kusema katika dakika zangu kumi. Yangetosha na kubaki. Sikuyasema, sababu sikuyajua. Na sikuyajua sababu zebra alinitosha.

Watakaonijibu

Wataniambia: "Wewe umelipwa na wazungu." Nawajibu: neno "la Kongo" ndilo wazungu walilolileta, mimi ndiye ninayelirudisha. Mtoto wa Matadi ndiye aliyenifungua macho, na baba yake aliyekataa kudai kisicho chake.

Wataniambia: "Wanazuoni wa Ulaya walituibia historia, hatuwezi kuamini etimolojia zao." Ni kweli waliiba mengi, sikatai. Lakini mtu aliyeibiwa hajisafishi kwa kushika mali ya mwingine. Zaidi ya hayo, sikuwaomba mniamini mimi ao wao. Nimewapa miaka, nimewapa sauti, nimewapa Petelo na faranga. Pimeni wenyewe.

Wataniambia: "Utamaduni ni wa kutia moyo vijana, si wa kuwavunja." Hapa ndipo tunapoachana kabisa. Kijana anatiwa moyo na kitu kinachobeba uzito wake. Ukimkalisha juu ya kiti kilichovunjika ukimwambia ni cha ufalme, ataanguka, na atakuchukia wewe uliyemkalisha.

Mzee ambaye sikumwuliza

Nimalize na deni langu. Upande wa milima ya Upemba, mahali pa mbuga iliyowekwa mwaka 1939, kuna nyika za juu ambako punda milia wachache wa inchi yetu wangali wanapumua. Zamani walikuwa wengi, na wazee wa vijiji vya kule waliwajua. Miaka mingi iliyopita nilikwenda katika kijiji kimoja cha upande ule kwa matanga ya mkwe wangu. Jioni tulikaa karibu na moto na mzee mmoja aliyekuwa mwindaji katika ujana wake. Alikuwa akisimulia wanyama: yule dume anayetembea peke yake ana jina lake, mtoto aliyezaliwa juzi ana jina lake, kundi likikimbia nalo lina jina. Vijana walikuwa wanacheka, mimi nilikuwa nasinzia. Katika mfuko wa koti langu kulikuwa karatasi ya hotuba ya siku ya utamaduni, ile ya zebra. Nilikuwa nayo karatasi, nilikuwa na bic, na sikuandika neno hata moja.

Mzee yule alikufa kiangazi kilichofuata. Leo mtu akiniuliza watu wa kijiji kile walimwitaje mtoto wa punda milia, siwezi kumjibu. Equiferus naijua, zebro naijua, hippotigris naijua. La nyumbani lilipita mbele ya masikio yangu nikaliacha liende kaburini. Ndiyo maana nasema kwa ukali, wapenzi wasomaji. Nimejikasirikia mimi mwenyewe kwanza.

Tufanye nini

Nawaomba walimu wenzangu, wakubwa wa vyama vya utamaduni na wazazi mambo matatu tu, hayahitaji faranga nyingi.

Kwanza, kabla ya kusema neno fulani la Ulaya ni letu, tuulize maswali matatu. Ni la lugha gani, kwa jina la lugha na si "la Kongo"? Lina ndugu walio hai katika lugha hiyo? Na miaka ya maandishi inakubali? Likishindwa hata swali moja, tunyamaze kwanza.

Pili, siku ya utamaduni tuwaite wazee waseme, na sisi walimu tuandike. Tumezoea kufanya kinyume: mwalimu anasema, mzee anaketishwa mbele kama pambo, anapewa Fanta.

Tatu, kila mwanafunzi wa sekondari apewe daftari moja kwa likizo kubwa. Aandike majina hamsini kwa lugha ya babu na bibi yake: wanyama, miti, samaki, vyombo vya kazi. Kando ya kila jina aandike kijiji, tarehe, jina la mzee aliyemwambia, na sentensi moja ambamo neno linatumika. Daftari zikirudi tusizitupe kabatini kama karatasi za mtihani, tuzinakili na kuziweka mahali panya hawafiki. Mimi mwaka jana nilianza na darasa moja. Daftari nyingine zilirudi tupu, nyingine zilikuwa na makosa mengi. Lakini msichana mmoja aliniletea majina ya samaki wa mto Lualaba ambayo sijayaona katika kitabu chochote. Nilimwuliza nani alimwambia. Akasema: "Ni tate, mwalimu. Alifurahi sana. Anasema hakuna mutu aliyemuulizaka."

Hakuna mtu aliyemwuliza. Tuwaulize basi, kabla hawajakwenda. Na zebra tuwarudishie wenyewe, Wareno na Warumi, kwa salamu nzuri na bila kinyongo. Kwetu tuna kazi.